Hati kwa Wengine, Kumbukumbu kwa Wengine

Kila damu inapomwagika katika Kaunti ya Lamu, watu walio mbali husema makabila yamegombana, kana kwamba Mbajuni na Mkikuyu huzaliwa na chuki. Mimi nimelelewa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, na ninaamini kuwa chanzo kiko ardhini, kwa kuwa Serikali iliwapa wengine hati na kuwaachia wengine kumbukumbu tu.

Wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka kuitenga kaskazini-mashariki ya Kenya iungane na Somalia, kati ya 1963 na 1967, Wabajuni wengi walivikimbia vijiji vyao vya bara vilivyo upande wa mpaka wa Somalia, wakaiacha minazi, visima na makaburi ya wazee wao, wakahamia Amu, Malindi na Mombasa. Muda mfupi baadaye, katika miaka ya 1970, Serikali ilianzisha mpango wa makazi Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti hii ya Lamu, ikawagawia mashamba wakulima ambao wengi wao walitoka Mkoa wa Kati. Mkulima huyo simlaumu hata kidogo, kwani alikuja akiwa hana shamba kwao, akafyeka pori, na watoto wake wamezaliwa hapa. Kinachoniuma ni kwamba aliyekimbia vita hakuna aliyemwita arudi, na wajukuu zake wengi hadi leo huitwa maskwota, yaani wakaaji wa ardhi wasio na hati.

Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Al-Shabaab walidai ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni njama ya wanasiasa wa eneo hilo. Vyovyote iwavyo, wauaji walikuta kinyongo tayari kipo. Familia zilikesha vichakani, nasi Amu tukapigwa marufuku ya kutoka usiku, hata wavuvi wanaotegemea bahari ya usiku wakakaa na nyavu kavu. Sokoni, muuza mboga na mteja wake wa miaka mingi wakaanza kuogopana.

Mwaka huohuo Serikali ikatangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Ekari laki tano! Wakati sisi tulikuwa tukihesabiana vijishamba, hakuna aliyeuliza kampuni hizo ni za kabila gani.

Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoruhusu jamii kusajiliwa kuwa mmiliki wa ardhi yake, ipo tangu 2016. Ninachodai ni mpimaji afike katika vijiji vilivyohamwa, akifuatana na wazee wa Kibajuni wanaovijua visima vyao na wakulima wa Mpeketoni wanaoijua mipaka yao, na yatakayopatikana yasomwe hadharani barazani.