Garanti ya miezi sita inatufunga mlango

Komisyoneri, yaani dalali wa nyumba, alitupeleka Himbi, mtaa wa hapa Goma, kuona nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ukuta wa mawe, bati jipya. Mke wangu alishaanza kupima kwa hatua mahali pa kitanda cha wasichana. Mwenye nyumba akataja masharti: garanti ya miezi sita, yaani amana anayoishika mpaka tuhame, na komisyoneri apewe kodi ya mwezi mmoja. Nilipomtajia sheria alisema wateja ni wengi. Nimeondoka na hasira ambayo haijaisha.

Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 iko wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi miezi mitatu. Piga hesabu ya nyumba ya dola 150 kwa mwezi. Miezi sita ni 900, komisyoneri 150, jumla 1,050, na bado hujalipa mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, abebe vitanda. Mwalimu atazitoa wapi? Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, atazitoa wapi? Ni minervali, karo ya shule ya watoto, hiyo, ni mtaji wa biashara, ni pesa ya mgonjwa. Tena tangu benki zilipofunga milango hapa Goma mnamo Januari 2025, hata aliyekuwa na akiba haifikii, na likelemba, mchango wetu wa kupokezana, inazunguka kwa taabu.

Halafu kuidai siku unapohama ni vita nyingine. Shangazi yangu alitoka kwenye nyumba Majengo akaambiwa garanti ilishajenga choo, asubiri mpangaji mpya aingie. Risiti yake ameikunja mara nne, ameifunga kwenye ncha ya kitenge, na kila akipita pale anaifungua na kuwaonyesha. Wanamwambia arudi mwezi ujao.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama wakati wa kuhamia nyumba kubwa umefika, nawajibu hivi: umefika kama garanti hiyo ikipotea yote, watoto bado wataenda shule. Kama sivyo, baki ulipo, hata majirani waseme nini. Na uulize maji kwanza, maana vyumba vinne bila bomba ni bidoni nyingi zaidi za maji kichwani mwa binti yako.

Najua kuna wasioweza kusubiri. Mvulana na msichana wakishabalehe, pazia katikati ya chumba halitoshi, hilo sibishi. Na vita imetuletea ndugu. Kwetu mama mdogo alifika kutoka Masisi na watoto wake, na usiku magodoro yanafika hadi mlangoni, anayetoka haja lazima aruke miguu ya wenzake. Hakuna wa kumfukuza. Lakini hapo pia ningeanza kwa kumwomba mwenye parsele, yaani kiwanja, ruhusa ya kuongeza chumba cha mbao, gharama ikatwe kwenye kodi, na makubaliano yaandikwe. Baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava mwaka 2002, wengi walisimamisha nyumba za mbao juu ya makoro yaleyale, mawe ya lava iliyopoa, na wakalea watoto humo.

Wenye nyumba nao wanaogopa wapangaji wasiolipa, na wapo kweli. Miezi mitatu imewekwa kwa ajili hiyo. Wazee wetu wenye nyumba, pokeeni hiyo mitatu, mwandike risiti, na mtu akihama mrudishieni pesa yake siku anapokabidhi ufunguo.