Siku niliyomuua mjomba kwa sababu ya kiatu

Mpaka leo nikiikumbuka hii kitu najifunika shuka peke yangu.

Niliagiza viatu kwenye duka la mtandaoni, jozi mbili, aina moja saizi moja, maana mi nikipata kiatu kinachonikaa huwa nachukua na cha akiba kabisa, na hiyo habari ya jozi mbili ishike vizuri kwa sababu mi mwenyewe niliisahau ndo maana yakanikuta haya. Kifurushi kikaja, boksi mbili, moja nkaitupia juu ya kabati, nyingine nkafungua nijaribu. Kiatu cha kwanza kikaingia mguu wa kushoto safi kabisa. Cha pili kikagoma. Nkakaa chini, nkasimama, nkalegeza kamba, nkaanza kuwaza labda mguu wa kulia umevimba na sijui, mke wangu akapita, akaangalia mara moja, akasema "hivyo si vyote vya kushoto" akaenda zake.

Basi hasira zikapanda. Kupiga simu sipendi, ule muziki wa kusubirishwa unanitoa roho, nkaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja, kile kiduara cha pembeni ya skrini kinachokusalimia hata hujaomba salamu. Nkaandika nimeletewa viatu viwili vya kushoto. Kumbe anayejibu roboti. "Nimeelewa! Unataka kununua viatu." Sitaki kununua, nshanunua. "Nimeelewa! Unataka kujua oda yako imefika wapi." Imefika hapa, nimeivaa mguu mmoja! "Je, nimekusaidia?"

Halafu kulikuwa na yule profesa wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Joseph Weizenbaum, 1966 huko alitangaza programu ya kuchati inaitwa ELIZA, ujanja wake mkubwa ulikuwa kuyachukua maneno yako na kukurudishia kama swali, na watu wakaipenda mpaka wakawa wanaimwagia siri zao. Ile walau ilikuwa inakuuliza kwa nini una hasira. Hii yangu inanipa hasira halafu inaomba nyota tano.

Mwishowe nkaandika neno moja tu, "mtu". Ikakubali. Wewe ni wa 9 kwenye foleni, tafadhali usifunge dirisha hili. Nkawa wa 6, nkawa wa 4, nkawa wa 5, hapo sijaelewa mpaka leo nani kapita mbele yangu na kapitia wapi. Akaja mhudumu, akanisalimia vizuri, akaomba namba ya oda, nkampa, akasema nipe dakika moja. Kimya. Hawa watu mara nyingi wanahudumia wateja kadhaa kwa wakati mmoja so najua sipo peke yangu, lakini ukikaa kimya wewe unakatwa unaambiwa mazungumzo yamefungwa, wakikaa kimya wao ni utaratibu.

Sasa katika kusubiri nkasema ngoja niandae maelezo yenye uzito, maana mteja mwenye viatu viwili vya kushoto wanaweza kumwambia asubiri wiki mbili. Nkaandika "dada naomba mnisaidie haraka, kesho ni harusi yangu". Nkawaza, mbona oda ina jina na akaunti ya miaka, labda wanajua nina mke. Nkafuta. "Kesho ni harusi ya dada yangu." Nayo nkaona nyepesi, harusi ya dada mtu si anaenda na viatu vyovyote. Nkafuta. "Mjomba wangu amefariki jana, mazishi ni kesho." Nkaitazama kidogo, ilikuwa imekaa vizuri kweli, lakini roho ikanisuta, mjomba mwenyewe mzima wa afya na ananipenda, nkafuta. Halafu kwa hasira tu nkaandika "huyu naye kalala au vipi", hiyo nayo nkafuta, nkabaki na sanduku jeupe kama mtu mstaarabu.

Ndo mhudumu akarudi. "Samahani kwa kuchelewa, sikulala, nilikuwa naitafuta oda yako. Hongera kwa harusi, ingawa sijaelewa ni yako au ya dada yako. Na pole sana kwa msiba wa mjomba."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Nkamuuliza umejuaje, akanieleza kwa upole kabisa kwamba mfumo wao unamwonyesha mhudumu kile mteja anachoandika hata kabla hajatuma, ili aanze kutafuta jibu mapema. Yani muda wote ule nilikuwa nachagua uongo mbele ya macho yake, kama mtu anayejaribu nguo dirishani pazia likiwa wazi.

Kabla sijapata la kusema akaongeza: "Oda yako ina jozi mbili. Ile ya pili ikoje?"

Nkainua macho taratibu kuelekea juu ya kabati. Nkashusha boksi. Nkafungua. Vyote vya kulia.

Vidole vikaanza vyenyewe kuandika "hiyo ya pili nayo ina tati", nkakumbuka, nkanyanyua mikono yote miwili hewani kama nimewekewa bunduki. Akaandika "Andika tu, usiogope." Nkakiri. Akasema basi ukivichanganya utakuwa na jozi mbili kamili, na samahani kwa waliofungasha. Nkawa ndo naanza "ahsa", sijabonyeza kutuma, yeye keshajibu "Karibu sana."

Nkadhani yameisha. Kumbe nakala ya mazungumzo inatumwa kwenye email, na ile email tunatumia mimi na mke wangu. Na nakala inaonyesha yaliyotumwa tu, niliyofuta hayamo hata moja, kwa hiyo ukiisoma unakuta mhudumu anatoa pole ya msiba wa mjomba kama kitu kinachojulikana na mimi najibu "umejuaje".

Nilikuwa nafunga kamba, kushoto na kulia, nkamsikia mke wangu chumbani anaongea na simu, sauti inatetemeka: "Shikamoo mjomba... eeh, ni wewe kweli?... hapana hapana, hakuna shida, nilitaka tu kukusikia."