Miwani ya daktari, fotokopi ya mama

Jana nimetumiwa video, daktari kavaa mamiwani kama ya fundi wa kuchomelea, anambadilishia mtu goti huku anaona mistari ya rangi inaelea juu ya mfupa, inamwonyesha msumeno upite wapi. Aliyenituma kaandika "dunia imefika mbali". Nikamjibu imefika, ila goti la mama yangu halikupata taarifa.

Mama alibadilishiwa goti mwaka juzi. Kabla ya operesheni tulionyeshwa goti lake kwenye skrini, linazunguka, akili mnemba ishapiga hesabu ya saizi ya chuma, sisi midomo wazi. Operesheni ikaenda vizuri, sitaki kumsingizia mtu, eksirei safi, mguu umenyooka kama rula. Wiki ya 3 goti halikunji. Hata nyuzi 90 halifiki, akikaa kwenye kiti mguu umekakamaa mbele, na kila asubuhi ananiuliza, mwanangu, hiki chuma kweli saizi yangu? Kumbe saizi haina shida, shida mazoezi. Tulipewa karatasi moja ya michoro, fotokopi imefifia hadi hujui mguu upi mkono upi, tukaambiwa mkafanyie nyumbani. Yaani siku ya operesheni milimita zinahesabiwa, kesho yake fotokopi!

Na si mama peke yake. Tafiti kibao zinasema karibu mgonjwa 1 kati ya 5 waliobadilishiwa goti haridhiki nalo. Roboti za kusaidia upasuaji nazo si za juzi, moja inaitwa ROBODOC ilianza kutumika kubadilisha nyonga za watu 1992. Zinakata kwa usahihi kuliko mkono, sawa, ila ukimuuliza mwenye goti anaumwaje, anapandaje ngazi, tofauti mara nyingi ni ndogo mno au haipo.

Haya, kwa shingo upande nakubali kimoja: daktari anayejifunza bora akosee mara 20 kwenye goti la kuigiza linaloonekana ndani ya miwani kuliko mara 1 kwenye la mama.

Sasa miwani hiyohiyo mgonjwa kanyimwa kwa nini? Si imwonyeshe leo akunje mpaka wapi, imhesabie, imwambie bibi hapo bado kidogo. Kwetu roboti nilikuwa mimi, nimekaa sakafuni na kipimapembe cha shule cha mwanangu, nimeshika kisigino naita nyuzi 75, nyuzi 78, na mama juu ya kiti ananisonya.