Vipindi vya Mapishi vya Runinga: Mwalimu, Jaji na Kitunguu cha Dakika Tano

Malalamiko juu ya vipindi vya mapishi vya runinga ni ya aina mbili, na wanaoyatoa mara nyingi hawasikilizani. Wapo wanaosema mapishi yamegeuzwa mashindano: saa inahesabu, muziki unatisha, jaji anafoka, mtu analia mbele ya keki. Wapo wanaosema vipindi vya zamani, vya mwalimu mmoja nyuma ya meza, vilichosha, na kila kitu kilikwenda vizuri kupita kiasi. Pande zote mbili zina hoja. Kipindi cha kufundisha hueleza sababu lakini huficha kosa. Kipindi cha mashindano huonyesha kosa lakini mara chache hutaja sababu. Anayetaka kupika kweli anahitaji vyote viwili, na hapo ndipo watangazaji wa mapishi wanapaswa kupimwa, kabla ya ucheshi wao au ukali wao.

Tuanze na muda, maana huko ndiko mtazamaji anakopotezwa zaidi. Kipindi cha nusu saa hakiwezi kusubiri nyama inayoiva kwa saa tatu. Kwa hiyo studio huandaa chakula kilekile katika hatua kadhaa: sufuria moja mbichi, nyingine imefika nusu, ya tatu imeiva tayari ndani ya oveni. Hilo si udanganyifu, mradi mtangazaji aseme wazi kwamba hii ilianza kupikwa asubuhi. Udanganyifu huanza pale anaposema, "Kaanga vitunguu dakika tano mpaka viwe vya kahawia," kisha kamera ikakata na vitunguu vikarudi vimeiva.

Kwa pilau ya kilo moja ya mchele, chukua vitunguu vinne vikubwa vilivyokatwa vyembamba, robo tatu ya kikombe cha mafuta na moto wa wastani. Dakika saba za kwanza vitunguu hulainika na kutoa maji tu. Kufika dakika ya kumi na tano vimeanza kuwa na rangi ya manjano. Rangi ya kahawia inayoipa pilau sura yake huja kati ya dakika ya ishirini na ishirini na tano. Sababu ni kwamba karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji yasipokwisha joto halivuki sana nyuzi 100, wakati rangi huanza kujitokeza vizuri kwenye nyuzi 140 na kuendelea. Anayeamini dakika tano hupata pilau nyeupe akalaumu mchele, au huongeza moto, kingo zikaungua katikati ikiwa mbichi, na uchungu ukaenea sufuria nzima. Vikishafika kahawia, havichukui hata dakika mbili kuungua, kwa hiyo tangawizi, saumu na upawa wa supu viwe mkononi kabla hujafika hapo. Maelezo haya yanasemeka kwa dakika moja hewani. Yanaachwa kwa sababu kitunguu kinachoiva polepole hakivutii kamera.

Wanaotetea vipindi vya mwalimu humtaja Julia Child, mpishi wa runinga wa Marekani, na wanastahili kumtaja. Kipindi chake kilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha WGBH cha Boston mwaka 1963, miaka miwili baada ya kitabu cha mapishi ya Kifaransa alichoandika na wenzake wawili Wafaransa kuchapishwa Marekani. Chakula cha kwanza kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu, kazi ya saa kadhaa iliyobanwa ndani ya kipindi cha chini ya nusu saa. Bajeti ilikuwa ndogo, na kipindi kilirekodiwa kwa mfululizo karibu bila kusimama. Kilichoharibika kilibaki.

Ndiyo maana tukio la viazi bado linazungumzwa. Alikuwa na chapati nene ya viazi kwenye kikaango, akajaribu kuigeuza kwa kuirusha, sehemu ikaangukia juu ya jiko. Aliokota vipande, akavirudisha kikaangoni, akawaambia watazamaji kwamba kosa lilikuwa kukosa ujasiri wakati wa kurusha. (Simulizi kwamba aliangusha kuku au bata mzinga sakafuni haina ukweli, ilikuwa viazi, na ilikuwa juu ya jiko.) Watu hukumbuka tukio hili kama kichekesho, lakini lilikuwa somo kamili: kosa limeonekana, sababu imetajwa, na namna ya kuokoa chakula imeonyeshwa papo hapo. Anayesita katikati ya kugeuza hupoteza kasi, na kitu kizito kisichoshikana vizuri hukatika. Anayepika chapati za maji bila kungoja upande wa chini ukauke analijua tatizo hilohilo.

Upo upande wa pili hata kwa walimu wazuri. Mwaka 1998 Delia Smith wa Uingereza alianza mfululizo wake wa BBC kwa mambo ya msingi kabisa, pamoja na kuchemsha yai. Baadhi ya wapishi waliona ni kumdharau mtazamaji. Naona walikosea. Yai lililochemshwa linakosewa kila siku: linatoka friji baridi na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, ganda linapasuka, linaachwa dakika kumi na tano, kiini kinazungukwa na utepe wa kijani kwa sababu joto la muda mrefu limekutanisha salfa ya ute na chuma cha kiini. Udhaifu wa Delia ulikuwa mwingine. Maelekezo yake yalikuwa makini kiasi kwamba kila kitu kilitoka sawa, na mtazamaji hakuona hata mara moja jambo linapokwenda vibaya linafananaje.

Hapo mashindano yana faida yake, na wanaoyabeza kwa jumla wanapitiwa. Chukua shindano la kuoka la Uingereza lililoanza BBC Two mwaka 2010 na kuhamia Channel 4 mwaka 2017. Katika raundi moja washiriki wote hupewa maelekezo yaleyale, tena yamepunguzwa makusudi: huenda imeandikwa "oka" bila kutajwa muda wala joto. Majaji huonja bila kujua nani kaoka nini. Kwa mpishi wa nyumbani hilo ni jaribio zuri kuliko somo lolote, kwa kuwa unaona unga uleule na sukari ileile vikitoa keki kumi zisizofanana.

Kinachosikitisha ni jinsi jaribio hilo linavyopotezwa. Keki imedidimia katikati, jaji anasema haikuiva, kamera inakimbilia machozi. Kwa nini imedidimia? Huenda hamira ya unga (baking powder) ilizidi: kijiko kimoja cha chai hutosha gramu 120 hadi 150 za unga wa ngano, na ukiweka viwili keki huumuka haraka kuliko kuta zake zinavyokaza, kisha huanguka. Huenda mlango wa oveni ulifunguliwa kabla ya theluthi mbili za muda kupita. Huenda mchanganyiko ulisubiri mezani nusu saa na hewa ikatoka. Sentensi moja ya jaji ingemwokoa mtazamaji na keki tatu mbovu. Jaji mjuzi anayesema "mbaya" peke yake amefanya nusu ya kazi yake.

Majaji hupotoka vibaya zaidi wanapohukumu chakula kwa kipimo cha chakula kingine. Mwaka 2018, kwenye MasterChef ya Uingereza, mshiriki mzaliwa wa Malaysia alipika wali wa nazi na rendang ya kuku. Jaji Gregg Wallace alilalamika kwamba ngozi ya kuku haikuwa kavu ya kutafunika. Mwenzake John Torode naye hakuridhika, na mshiriki akatolewa. Malaysia na Indonesia, nchi zinazobishana daima juu ya asili ya rendang, safari hii zilisimama upande mmoja, na waziri mkuu wa Malaysia wa wakati huo, Najib Razak, aliingilia mtandaoni kuuliza ni nani anayekula rendang ya kuku kavu.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa sana. Rendang hupikwa kwa tui, mchaichai na viungo vilivyosagwa, kisha huongezwa nazi iliyokaangwa kavu na kusagwa, mpaka tui likatike na mafuta yajitenge. Kuku aliyelala ndani ya tui hawezi kuwa na ngozi kavu, kwa kuwa penye maji joto hubaki karibu nyuzi 100. Ni sawa na kumhukumu kuku wa nazi kwa sheria za kuku wa kupaka, ambaye huchomwa kwanza juu ya makaa ndipo apakwe tui zito.

Hata hivyo Wallace ana utetezi, na haki itendeke. Baadaye alieleza kwamba hakumaanisha kuku wa kukaanga, bali kwamba ngozi ilikuwa haijaiva vizuri. Ikiwa ndivyo, kasoro ni ya kweli: ngozi nene ya kuku wa kisasa ikiingia mchuzini bila kukaushwa kwanza kikaangoni hubaki na mafuta yasiyoyeyuka na kuteleza mdomoni. Wapishi wengi huiondoa kabisa kabla ya kupika. Jaji angesema hivyo, "kausha ngozi kwanza au itoe", angekuwa amefundisha, na hakuna nchi ingekasirika. Shindano linalopokea vyakula vya dunia nzima haliwezi kuwa na majaji wanaojua vyote. Linaweza kuwa na majaji wanaomuuliza mpishi chakula chake kinatakiwa kuwaje kabla ya kuonja.

Kosa la kuhukumu kwa kipimo kimoja hufanywa na wakosoaji pia. Mwaka 2020 video ya BBC Food ya wali wa kukaanga na mayai ilipata umaarufu baada ya mchekeshaji Nigel Ng kuidhihaki akiwa mhusika wake, Uncle Roger. Mtangazaji alichemsha mchele, akaumwaga kwenye chujio, akauosha kwa maji ya bomba. Kicheko kilielekezwa sana kwenye chujio, na watu wengi waliondoka wakiamini kwamba kuchuja wali ni dhambi.

Si kweli. Wali wa biriani huchujwa. Mchele wa basmati uliolowekwa nusu saa hutiwa kwenye maji mengi ya chumvi yanayochemka, huchemka dakika sita hadi nane mpaka kiini kibaki kigumu kidogo ukikibana kwa vidole, huchujwa, hupangwa juu ya masala, kisha hupaliwa makaa juu ya mfuniko dakika ishirini hivi. Kosa la video lilikuwa bomba. Wali ulioiva ukimwagiwa maji hubeba unyevu hadi kikaangoni, na badala ya kukaangika hufukika na kushikana. Dawa yake ni kuutandaza kwenye sinia upoe na kutoa mvuke.

Na hapo mchekeshaji naye anahitaji nyongeza. Alisisitiza, kwa haki, kwamba wali mzuri wa kukaanga ni uliolala. Sisi tunauita kiporo. Lakini kiporo kilichoachwa usiku kucha ndani ya sufuria juu ya jiko ni hatari: mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, huzaliana kwenye wali vuguvugu, na sumu yao haifi hata ukiukaanga upya asubuhi. Wali wa kesho upozwe haraka kwenye sinia na uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Sijaona mzaha uliokumbuka kusema hilo, ingawa ndilo jambo linaloweza kulaza mtoto hospitali.

Wanaodharau watangazaji maarufu wakumbuke kwamba umaarufu huo una uzito. Mwaka 2005 kipindi cha mpishi wa runinga Jamie Oliver kilionyesha majiko ya shule za Uingereza, na serikali ikaahidi pauni milioni 280 kwa ajili ya chakula cha wanafunzi. Mwalimu makini asiyejulikana asingepata hata miadi na waziri.

Kwenye vituo vyetu, hasa mwezi wa Ramadhani, mtindo wa mwalimu ndio unaotawala, na uhaba wa muda ni uleule. Yapo na matatizo yetu wenyewe. "Oveni nyuzi 180" haimsaidii anayepika kwa mkaa. Mwambie aweke makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, na akague keki kwa kijiti baada ya dakika thelathini. "Kikombe cha unga" nacho kina utata: kikombe cha kupimia cha Marekani ni kama mililita 240, bilauri na vikombe vya chai vya nyumbani hutofautiana sana, na hata kikombe kilekile hubeba gramu 120 ukijaza kwa kijiko au 150 ukichota na kushindilia. Robo nzima ya tofauti inatosha kukausha keki na kufanya mandazi magumu. Mtangazaji ataje gramu, kisha aonyeshe kikombe chake mbele ya kamera.

Kubwa zaidi ni mdhamini. Kipindi kinacholipiwa na kampuni ya viungo vya vipande, vile vya kutia ladha ya supu, lazima kivunje vipande hivyo sufuriani, na sina ugomvi na hilo, maana bila mdhamini huenda kipindi kisingekuwepo. Ugomvi unaanza pale mpishi anapoongeza vipande viwili, kisha chumvi kijiko kizima, juu ya supu iliyokwishatiwa chumvi. Kiungo kikubwa cha vipande hivyo ni chumvi. Studio hakuna anayekula sahani nzima, kwa hiyo kosa halionekani. Nyumbani futari hailiki, na mwenye presha ndiye anayeumia zaidi. Aseme wazi kwamba ukitumia kipande usitie chumvi mpaka uonje supu. Kwa anayefunga na hawezi kuonja, apunguze chumvi kwa nusu na aweke kibakuli cha chumvi mezani.