Askari wa Posta na uwanja wa Mnazi Mmoja

Simama kwenye kipilefti cha Samora na Azikiwe, pale Posta, Dar es Salaam, umwangalie: askari wa shaba juu ya jiwe, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Bodaboda zinamzunguka, hakuna anayeinua shingo. Waingereza walimsimamisha hapo mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapo wanaosema zamu yake imekwisha, apelekwe Makumbusho ya Taifa, na mahali pake asimame mpigania uhuru. Wapo wanaosema asiguswe.

Wanaotaka aondoke wana hoja nzito kuliko wanavyodhani wenyewe, maana Askari naye alimrithi mtu. Mwaka 1909 Wajerumani waliweka hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyezima vita ya Abushiri hapa pwani. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Chini ya miguu ya Wissmann walimweka askari Mwafrika anayemtazama bwana wake juu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 wakamng'oa Wissmann. Akaishia Hamburg, Ujerumani, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi wa huko huko walipomwangusha mwaka 1968. Kwa hiyo kubadilisha mtu pale Posta ni desturi ya mahali penyewe. Halafu maandishi yaliyo chini ya Askari yanawasifu waliokufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mfalme gani? Vita ilipoanza, Dar es Salaam ilikuwa ya Kaisari wa Ujerumani, na Waafrika walipigana pande zote mbili, ndugu kwa ndugu. Wa upande ulioshindwa hawana jiwe hapo.

Wanaomtetea wanajibu kwamba huyu ni Mwafrika, si gavana. Nami nawaongezea jambo wasilolitaja mara nyingi: sogea usome. Pamoja na Kiingereza kuna Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, maana aliyeandika alijua wasomaji wa mji huu walisoma madrasa kabla ya kusoma shule. Maandishi hayo yanawataja pia wapagazi, miguu na mikono ya jeshi. Hao walikufa kwa makumi ya maelfu, maradhi na njaa vikiua kuliko risasi, na kambi ya kikosi chao cha Carrier Corps ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Ukimwondoa Askari, unaondoa na mahali panapowataja hadharani. Lakini ona: aliyepandishwa juu ya jiwe ni mwenye bunduki. Mbeba mzigo kabaki chini.

Mpaka hapa pande zote mbili zinauliza swali moja: nani alijenga? Mimi naona swali hilo halitufikishi mbali, na ushahidi wangu uko robo saa kwa miguu kutoka pale.

Mnazi Mmoja si uwanja uliobaki wazi kwa bahati. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa rangi, na Waingereza wakaukamilisha mgawo huo: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kule Kariakoo na Ilala. Katikati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo tupu, kwa kisingizio cha afya, ili mtu mweusi akae mbali. (Unguja nako kuna Mnazi Mmoja wake, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na Waingereza walichezea kriketi hapo. Miji miwili, jina moja, kazi ileile.) Kama ubaya wa chanzo ndio kipimo, uwanja huu ulistahili kufutwa kabla ya sanamu yoyote. Sanamu inasifu tu. Uwanja ulitenga watu kweli, kila siku.

Hakuna anayetaka ufutwe. Kwa nini? Kwa sababu watu waliuingia. Ng'ambo ya barabara, New Street ya zamani, Lumumba ya leo, TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na uwanja wa kutenga ukawa uwanja wa mikutano yake. Bendera ya uhuru, wenye usahihi wasinikosoe, ilipandishwa Uwanja wa Taifa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Lakini mnara wa mwenge uko Mnazi Mmoja, na ni hapo ambapo kwa miaka mingi Rais alikuwa akiweka mkuki na ngao Siku ya Mashujaa, Julai 25.

Askari hajawahi kuingiwa namna hiyo. Tumempita tu, miaka karibu mia moja. Kwa hiyo ninawaunga mkono wanaotaka abaki, ila si kwa sababu yao, kwani kumwacha jinsi alivyo ni uvivu ule ule uliomfikisha hapa. Pale chini liongezwe bamba jingine, kwa Kiswahili cha leo, liseme waziwazi nani alitangulia kusimama hapo na nani aliachwa nje ya sifa. Na mpagazi achongwe kwa ukubwa ule ule, mzigo kichwani, asimamishwe Kariakoo sokoni, ambako wachukuzi bado wanapita na marobota begani wakipiga kelele za kuomba njia.