Kitabu cha msimu wa Krismasi nacho ni fasihi

Kuna wahakiki wakiona kitabu kina picha, hadithi fupi na kinauzwa msimu wa Krismasi, basi wameshakihukumu: cha kupitishia jioni tu. Wakiniambia hivyo mimi huwatajia Svea.

Svea kilikuwa kitabu cha mwaka, yaani chenye toleo jipya kila mwaka, kilichotolewa Stockholm na Albert Bonnier, Myahudi mzaliwa wa Copenhagen aliyeanza kuchapisha vitabu Sweden mwaka 1837, akiwa na miaka 17. Toleo la kwanza lilitoka 1844 likiwa na mwaka 1845 kwenye jalada. Napenda ujanja huo. Riwaya yaweza kungoja hadi mtu apate pesa, lakini kitabu chenye mwaka mpya usoni hakingoji, na aliyekinunua mwaka huu atakitafuta tena mwakani.

Tusiseme Bonnier aliwafundisha Waswidi kusoma. Wachungaji walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kuwapima waumini usomaji na katekisimu tangu zamani, na sheria ya 1842 ikaitaka kila parokia iwe na shule. Macho ya kusoma yalikuwepo. Kilichopungua ni cha kusoma zaidi ya Biblia, kitabu cha nyimbo za kanisa na almanaka. Hata almanaka ilikuwa na mwenyewe: Akademia ya Kifalme ya Sayansi ilipewa haki ya pekee ya kuitoa mwaka 1747, na ikaishikilia hadi 1972. Naam, 1972!

Kabla ya Svea, kati ya 1812 na 1822, mshairi Atterbom wa Uppsala alikuwa na kitabu chake cha mwaka cha mashairi. Kilikuwa uwanja wa walimbwende, yaani washairi wa mkondo wa Romantiki, na sina ugomvi na mashairi yao. Ila waliandikiana wenyewe kwa wenyewe, na mkulima wa jimbo la Småland hakuwa na haja nacho.

Svea kilidumu hadi 1907. Kufikia hapo majarida ya picha ya kila wiki yalishakamata wasomaji, na ushindani wa vipaji ukahamia huko. Mwaka 1890 Idun, jarida la wanawake, lilitangaza shindano la hadithi. Mshindi alikuwa mwalimu wa shule mjini Landskrona, Selma Lagerlöf, ambaye mwaka 1909 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Nobeli ya Fasihi. Wahakiki wangu watasemaje kuhusu jarida la akina mama?