Kabla ya kuuliza kamera, uliza masasisho yanaisha lini

Mtu mwenye laki nne na ushee akiingia Kariakoo kutafuta simu janja atavutwa pande mbili. Huku anaonyeshwa simu mpya ndani ya boksi, yenye waranti: Tecno, Infinix, itel au Samsung za toleo la A, zile za bei nafuu. Kule kuna iPhone na Samsung za toleo la S, zile za bei kubwa, zilizokwisha kutumika Dubai, Uingereza au Marekani. Mabishano huishia kwenye kamera na jina, na naona hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa.

Wanaotetea simu zilizotumika wana hoja nzito. Simu iliyouzwa ghali mwaka 2019 ina kioo na kamera ambazo simu mpya ya bei ndogo bado haizifikii, hasa usiku. Maandishi ya kwenye boksi yasimtishe mtu. Megapikseli 50 kwenye kihisi kidogo, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, mara nyingi nukta zake huunganishwa nne nne, na picha inayotoka ni ya megapikseli 12 hivi. Ujanja wa RAM, memori ya kuendeshea programu, unaudhi zaidi: boksi linasema 8GB, kumbe 4 ndizo za kweli na 4 nyingine zimeazimwa kwenye memori ya kuhifadhia mafaili, ambayo ni ya polepole. Muuzaji asiyelieleza hilo anamdhulumu mteja.

Lakini mfikirie wakala wa miamala, au mama anayepokea oda za chakula kwa WhatsApp. Simu yake ndiyo pochi na ndiyo daftari la madeni. iPhone X ya mwaka 2017, ambayo bado inauzwa, ilitoka kiwandani na betri ya 2,716 mAh, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Simu nyingi mpya za bei ndogo zina 5,000. Ni kweli namba hizo peke yake hazisemi kila kitu, ila betri iliyochajiwa kwa miaka mingi imeshachoka. Tena iPhone X inabeba laini moja tu, jambo gumu kwa mtu mwenye M-Pesa kwenye laini moja na Airtel Money kwenye nyingine. Na iPhone 14 iliyotoka Marekani haina kabisa tundu la laini. Inatumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka.

Mimi naweka masasisho ya usalama juu ya yote. Tundu la kiusalama likishagunduliwa na kutangazwa, simu zinazosasishwa huzibwa. Iliyoachwa hubaki wazi, na ndani yake mna programu ya benki. Hapa simu mpya haishindi kwa upya wake. Nyingi za bei ndogo husasishwa kwa muda mfupi, kisha kampuni inahamia toleo jingine. iPhone 11 ya mwaka 2019 ilipata iOS 26, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, mwaka 2025, ilhali iPhone X ilikosa iOS 17 tangu mwaka 2023. Galaxy A16 ya mwaka 2024, ambayo si simu ya kifahari hata kidogo, iliahidiwa na Samsung masasisho ya usalama kwa miaka 6. Kwa hiyo kubishania mpya na iliyotumika hakutufikishi mbali; mwaka ambao masasisho yatakoma unatueleza mengi zaidi.

Kwa wakala na mama wa oda, ningechukua simu mpya yenye ahadi ndefu ya masasisho, kama Galaxy A16, bila kusita. Kwa kijana anayeishi kwa kupiga picha za harusi na kurekodi video, iPhone 11 iliyotumika ni zana halali ya kazi, ila ukaguzi uwe mkali. Muuzaji afungue sehemu ya afya ya betri, ahakikishe akaunti ya mwenye simu wa zamani imeondolewa, simu iwekwe laini na ipigwe hapohapo dukani. Kisha mnunuzi abonyeze *#06# ili aione IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na aitume kwa ujumbe kwenda 15090 kuhakiki kuwa si bandia kabla hajalipa. Mwaka 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia, na hasara ilibaki kwa waliokuwa wamezinunua.